Juninho wa Middlesbrough: fundi aliyeondoka mara tatu bila kuondoka

Jumapili, tarehe 11 Mei 1997, uwanja wa Elland Road, siku ya mwisho ya msimu. Middlesbrough wanahitaji ushindi dhidi ya Leeds ili wabaki Ligi Kuu ya Uingereza. Kipindi cha pili kimekwisha zaidi ya nusu, Leeds wanafunga. Dakika mbili baadaye Juninho anasawazisha, na kwa muda mfupi kila mtu aliyevaa nyekundu anaamini kwamba bao jingine liko njiani. Haliji. Kipenga kinalia 1-1, Boro, kama mashabiki wanavyoiita Middlesbrough, wameshuka daraja, na kijana wa Kibrazili mwenye kimo cha mwanafunzi anakaa kwenye nyasi akilia mbele ya uwanja mzima.

Wiki chache baadaye aliuzwa Atlético Madrid.

Kwa desturi za ushabiki, hapo kisa kilipaswa kuisha vibaya. Fundi kaja kwa mbwembwe, timu imeshuka, fundi kafungasha virago kwenda kwenye pesa na jua. Karibu kila klabu ina jina la mtu wa namna hiyo, na likitajwa jukwaani hufuatwa na matusi. Lakini mwaka 2007, chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza kilipowauliza mashabiki wa kila klabu nani kipenzi chao wa wakati wote, wale wa Middlesbrough walimchagua Juninho. Hawakumchagua Wilf Mannion wala George Hardwick, wazawa wa eneo lile ambao sanamu zao zimesimama nje ya uwanja. Hawakumchagua Brian Clough, mtoto wa mji uleule aliyewafungia mabao 197 katika mechi 213 za ligi. Wakamchagua mgeni aliyewachezea kwa vipande vitatu, akaondoka mara tatu, na ambaye msimu wake bora kuliko yote uliishia kwenye kushuka daraja.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu majibu mepesi hayatoshi. Tukisema ni kipaji, wenye vipaji wengine walipita palepale, mmoja wao akimzidi mabao katika msimu uleule. Makombe? Alishinda moja tu na Boro. Uaminifu kwa maana ya kubaki pia haufai, maana hakubaki. Kuna jambo jingine lililokuwa likihesabiwa na watu wale, na ili kulifikia lazima turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1986 Middlesbrough ilikaribia kufa. Klabu ilifilisika, mageti ya uwanja wake wa zamani, Ayresome Park, yakafungwa kwa kufuli, na mechi ya kwanza ya nyumbani ya msimu uliofuata ikachezwa kwenye uwanja wa jirani zao Hartlepool. Kundi la wafanyabiashara, akiwamo kijana mmoja wa mjini aitwaye Steve Gibson, ndilo lililoiokoa dakika za mwisho. Miaka tisa baadaye Gibson huyohuyo alikuwa mwenyekiti, timu imepanda Ligi Kuu chini ya kocha Bryan Robson, na uwanja mpya wa Riverside umefunguliwa kando ya mto Tees. Mji wenyewe ulikuwa wa chuma na viwanda vya kemikali, viwanda ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa vikipunguza watu, na Waingereza wa kwingine wakiutaja mara nyingi walikuwa wanaufanyia mzaha.

Juni 1995 Brazil walicheza na Uingereza pale Wembley wakashinda 3-1. Bao moja lilikuwa la mpira wa adhabu, mpigaji akiwa kiungo wa São Paulo mwenye miaka 22, jina kamili Osvaldo Giroldo Júnior. Robson alikuwa akifanya kazi kwenye benchi la ufundi la Uingereza wakati ule. Oktoba mwaka huohuo Boro walitangaza kumsajili kijana yule kwa paundi milioni 4.75.

Leo Mbrazili kusajiliwa na timu ya katikati ya msimamo wa ligi hakumshtui mtu. Mwaka 1995 ilikuwa kama mzaha. Mchezaji wa timu ya taifa ya mabingwa wa dunia, mwenye umri mzuri wa kazi, amechagua Middlesbrough! Waandishi wengi walikisia kwamba hatafika Krismasi: baridi ingemfukuza, au mabeki wangemvunja. Nadhani mbegu ya kwanza ya mapenzi ilipandwa hapo, kabla hajagusa mpira. Watu waliozoea kuona wenye vipaji wakiondoka kwao walimwona mtu akija, tena kutoka nchi ambayo kila mpenda soka anaota kuifikia. Watu walikwenda uwanjani kumtazama tu akipunga mkono.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa tarehe 4 Novemba 1995, dhidi ya Leeds haohao. Ilimalizika 1-1, na pasi ya bao la Boro, lililofungwa na Jan Åge Fjørtoft, ilitoka mguuni kwake. Alianza na Leeds 1-1 na akashuka daraja na Leeds 1-1. Mtunzi wa hadithi angelifuta hilo kwa kuogopa kuambiwa ameligushi.

Msimu ule wa kwanza, tuseme kweli, haukuwa wa kutisha. Alifunga mabao mawili tu ya ligi. Majira ya baridi timu ilipoteza mechi mfululizo hadi watu wakaanza kuhesabu pointi kwa wasiwasi, ikamaliza nafasi ya 12. Kama mapenzi yangekuwa malipo ya matokeo, wakati huo angekuwa bado anadaiwa. Ila kulikuwa na mambo mawili ambayo takwimu hazikuyaonyesha. La kwanza ni namna alivyocheza. Alikuwa akichukua mpira katikati ya uwanja na kukimbia nao moja kwa moja kuelekea kwa mabeki, mpira umegandamana na mguu, huku majitu yenye kimo cha futi sita yakimfuata nyuma kama watu waliodondosha funguo. Alipigwa sana. Aliinuka sana. La pili ni namna alivyoishi. Alikuja na familia yake wakakaa kwenye mtaa wa kawaida wa nyumba za familia, na watoto wa jirani wakawa wanamgongea mlango atoke wacheze naye barabarani. Alikuwa akitoka.

Jambo hilo la kimo nalipa uzito kuliko wachambuzi wengi. Juninho alikuwa na urefu wa kama sentimita 165, mwembamba, mwenye sura ya kitoto. Mashabiki wakamwita kwa jina linalomaanisha “yule mdogo”. Kwa kawaida nyota huabudiwa kutoka chini: yeye yuko juu, wewe unamwinulia macho. Kwa Juninho kulikuwa na ibada hiyo, lakini ilichanganyika na hamu ya kumlinda. Kila alipoangushwa, uwanja mzima ulikasirika kama mtu anayeona mdogo wake amesukumwa. Mtu anayekushangaza na wakati huohuo unamwonea huruma amekushika kwa mikono miwili, na kumwachia ni kazi.

Kisha ukaja msimu wa 1996/97, ambao kisa chote kimesimama juu yake.

Gibson alifungua mfuko. Fabrizio Ravanelli aliletwa kutoka Juventus, akiwa ametoka tu kufunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, kwa paundi milioni 7. Emerson, Mbrazili mwingine, alitoka Porto. Siku ya kwanza ya msimu Ravanelli alifunga mabao matatu dhidi ya Liverpool, mechi ikaisha 3-3, na watu wa Teesside, eneo la kando ya mto Tees, walirudi nyumbani wakiwa hawaamini kwamba hii ndiyo timu yao. Ilikuwa timu ya ajabu kwelikweli. Ilikuwa na uwezo wa kumfunga yeyote na kufungwa na yeyote, mara nyingine ndani ya wiki moja. Ilifika fainali mbili na kushuka daraja katika msimu uleule, jambo ambalo hakuna klabu ya Uingereza iliyokuwa imelifanya kabla yake.

Katikati ya msimu lilitokea jambo la Blackburn. Desemba 1996, siku moja kabla ya mechi ya ugenini dhidi ya Blackburn Rovers, Boro walitangaza kwamba hawawezi kusafiri kwa sababu wachezaji 23 walikuwa wagonjwa au majeruhi. Wakuu wa Ligi Kuu hawakukubali sababu hiyo. Klabu ikatozwa faini ya paundi 50,000 na kupokonywa pointi tatu. Rufaa ikagonga mwamba. Mechi yenyewe ilichezwa baadaye, Mei, ikaisha 0-0.

Sasa tazama msimamo wa mwisho. Boro walimaliza na pointi 39. Coventry, waliobaki juu ya mstari kwa tabu, walikuwa na 41. Bila adhabu ile Boro wangekuwa na 42 na wangebaki Ligi Kuu. Hakuna shabiki wa Middlesbrough wa umri ule asiyeijua hesabu hii kwa moyo.

Kwa uchambuzi wetu, pointi hizo tatu zilifanya kazi moja kubwa: zilimpa kila mtu wa kumlaumu nje ya uwanja. Timu inaposhuka, mashabiki hutafuta mkosaji, na aliye karibu ni mchezaji, hasa yule wa gharama. Mara hii mkosaji alikuwa kamati iliyokaa London. Uchungu ukabaki uchungu bila kugeuka hasira juu ya waliokuwa uwanjani, angalau juu ya yule aliyekuwa akifunga, akitoa pasi, akikimbia hadi dakika ya mwisho. Kama Boro wangeshuka kwa pointi 39 halali, nina wasiwasi kumbukumbu ya Juninho ingekuwa na doa.

Fainali zenyewe zilikwenda hivi. Kombe la Ligi, Aprili, dhidi ya Leicester: Ravanelli alifunga katika dakika za nyongeza, wakabakiza dakika mbili hivi kuchukua kombe la kwanza kubwa katika historia yao, Emile Heskey akasawazisha. Leicester walikuwa wamempa Pontus Kåmark kazi moja tu, kumkaba Juninho mtu kwa mtu, na alifanikiwa. Mechi ya marudiano pale Hillsborough ilikwisha kwa bao moja la Steve Claridge, nalo pia katika dakika za nyongeza. Halafu siku sita baada ya kilio cha Elland Road, fainali ya Kombe la FA dhidi ya Chelsea. Roberto Di Matteo alifunga kabla dakika moja haijatimia. Chelsea wakashinda 2-0.

Katika ajali yote hiyo Juninho alichaguliwa mchezaji bora wa msimu wa Ligi Kuu. Kwenye kura za waandishi wa soka alishika nafasi ya pili nyuma ya Gianfranco Zola. Mchezaji wa timu iliyoshuka daraja! Alikuwa amefunga mabao 12 ya ligi kutoka kiungo.

Hapa ndipo tunapoweza kupima, maana kisa hiki kina bahati ya kuwa na kipimo ndani yake. Ravanelli alifunga mabao 31 katika mashindano yote msimu ule. Naye alishuka, naye akaondoka mwanzoni mwa msimu uliofuata, akaenda Marseille. Alipoteza fainali zilezile. Ukitazama kwenye karatasi, alichangia zaidi. Hata hivyo jina lake pale hutajwa kwa heshima ya kitaalamu, kama unavyomtaja fundi bomba aliyefanya kazi nzuri na kudai pesa nyingi. Mwenyewe alikuwa amelalamika hadharani kuhusu mazingira ya klabu na viwanja vya mazoezi. Huenda alikuwa na haki; aliyetoka Juventus ana macho ya kulinganisha. Emerson naye aliwahi kwenda kwao Brazil akachelewa kurudi hadi likawa jambo la magazeti wiki baada ya wiki. Kwa hiyo watu walikuwa na wageni watatu wa gharama mbele yao, kwenye timu moja, msimu mmoja, matokeo yaleyale. Mmoja aliongea kana kwamba yuko mahali pasipomstahili. Mwingine alionyesha kwa miguu. Wa tatu alicheza mpira na watoto mtaani, na timu iliposhuka akalia.

Machozi peke yake hayatoshi, na mimi si mtu wa kuyaamini haraka machozi ya uwanjani. Wachezaji wengi wamelia siku ya kushuka na hakuna anayewakumbuka. Ila machozi ya Juninho yalikuja baada ya miezi mingi ya kuonekana akilipa. Mashabiki huweka daftari lao, na safu wanayoitazama zaidi ni ya gharama: huyu mtu amepoteza nini kwa ajili yetu, na je, kimemuuma? Bao zuri humfurahisha hata mpita njia. Bali kumwona mtu aliyeweza kucheza popote duniani akiumizwa na jambo linalokuumiza wewe, uliyezaliwa hapo na usiyekuwa na pengine pa kwenda, hilo lina uzito wa aina nyingine. Walimtazama pale kwenye nyasi wakaona kwamba uchungu wao una mwenzake.

Ndiyo maana kuondoka kwake hakukuitwa usaliti. Kombe la Dunia lilikuwa mwaka unaofuata, nchini Ufaransa, na mchezaji wa daraja la pili la Uingereza angepata tabu sana kuitwa na Brazil. Kila mtu alilijua hilo. Ada ilikuwa kama paundi milioni 12, zaidi ya mara mbili ya waliyolipa. Boro walipanda tena baada ya msimu mmoja tu. Mambo haya yote yalilainisha, na haifai kuyapuuza: ni rahisi kumpenda aliyeondoka ikiwa ameacha pesa na wewe umeinuka mwenyewe.

Kilichofuata Hispania ndicho kilichofunga fundo. Februari 1998, Atlético wakicheza na Celta Vigo, Míchel Salgado alimwingilia kwa nyuma akamvunja mfupa wa mguu. Juninho akakosa Kombe la Dunia ambalo kwa ajili yake alikuwa ameondoka. Hebu fikiria jinsi shabiki aliyeachwa kwa kawaida anavyoipokea habari ya namna hii. Kuna ile furaha ndogo ya siri ambayo hakuna anayeikiri: “ungekaa kwetu.” Teesside walihuzunika.

Alirudi kwa mkopo msimu wa 1999/2000. Sehemu hii simulizi nyingi huirukia, kwa kuwa haina utamu. Mguu ule haukuwa na kasi ileile, timu ilikuwa ya kawaida, akaonyesha vipande vya zamani na kupotea kwenye mechi nyingine. Msimu ulipokwisha klabu haikumnunua. Lakini kama kuna mahali pa kujua mapenzi haya yametengenezwa kwa nini, ni hapo. Ustadi ulikuwa umepungua mbele ya macho yao, wakaona, wakajua wanachokiona, na sauti ya kumshangilia haikushuka. Yule aliyekuwa akipendwa kwa chenga angepoteza kitu msimu ule.

Akaenda kwao akacheza kwa mkopo Vasco da Gama na Flamengo, akarudi kwenye kikosi cha taifa chini ya Luiz Felipe Scolari, na mwaka 2002 akawa bingwa wa dunia. Alianza mechi za mwanzo, kisha nafasi yake ikachukuliwa na Kléberson, lakini medali ni medali. Akiwa na miaka 29, na medali hiyo mkononi, alikwenda wapi? Middlesbrough.

Mara hii kocha alikuwa Steve McClaren, mtu wa nidhamu ya mfumo, ambaye hakuwa na mahaba ya 1996. Na bahati ikawa ileile. Kabla ya msimu kuanza Juninho alipata jeraha la ligamenti za goti, akakaa nje hadi machipuko ya 2003. Mechi aliyorudi, dhidi ya Everton, alitokea benchi akafunga.

Nimekutana na hoja mbili za kupinga usomaji wangu, na zote zina nguvu. Ya kwanza inasema: acheni falsafa, hii ni njaa ya klabu ndogo. Mahali pasipo makombe, yeyote mwenye kipaji cha kweli hugeuzwa mtakatifu. Mchezaji huyuhuyu angepita Manchester United angekuwa mmoja wa wengi. Nakubali nusu. Njaa inaeleza kwa nini sauti ilikuwa kubwa, haielezi kwa nini ilimlilia huyu na si Ravanelli, maana wote walikula meza moja. Hoja ya pili ni ya pesa: Juninho alilipwa vizuri kila alipokuja, kwa hiyo hayo maneno ya “amepoteza kwa ajili yetu” ni ndoto za mashabiki. Hii nayo ina ukweli. Hakuna aliyecheza bure. Lakini mashabiki si wajinga wa mikataba. Wanajua kila mchezaji analipwa, na kwa sababu wote wanalipwa, mshahara unatoka kwenye hesabu. Wanatazama kinachobaki baada ya kuuondoa. Kwa wengi hakibaki kitu. Kwa huyu kilibaki mtu aliyerudi mara mbili mahali ambapo soko lisingemlazimisha kurudi.

Januari 2004, nusu fainali ya Kombe la Ligi, mechi ya kwanza pale Highbury dhidi ya Arsenal, ile Arsenal ambayo msimu huo haikupoteza mechi hata moja ya ligi (walichezesha kikosi mchanganyiko, tusidanganyane). Boro walishinda 1-0, mfungaji Juninho. Waliwafunga tena nyumbani, wakaenda fainali.

Fainali ilichezwa Cardiff tarehe 29 Februari 2004, dhidi ya Bolton. Upande wa pili nahodha alikuwa Jay-Jay Okocha, ambaye kama ningekuwa na kurasa za kutosha ningeandika kisa kama hiki kumhusu yeye na watu wa Bolton, kwa kuwa naye alipendwa kwa namna inayofanana sana na hii. Joseph-Désiré Job alifunga dakika ya pili. Boudewijn Zenden akafunga penalti dakika ya saba, huku mguu wa kuegemea ukiteleza hivi kwamba hadi leo watu hubishana kama aliugusa mpira mara mbili. Kevin Davies akarudisha moja kwa Bolton. Baada ya hapo ilikuwa ni kusubiri, kwa muda unaozidi saa moja, watu waliokwisha kuibiwa kombe na Heskey katika dakika ya 118 wakisubiri kuibiwa tena. Hawakuibiwa. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1876 ilipata kombe lake kubwa la kwanza baada ya miaka 128, na Juninho alikuwamo kwenye kikosi kilichoanza.

Kwa maoni yangu, kama kombe lile lingeshindwa bila yeye, Middlesbrough wangelifurahia vilevile, lakini kitu cha 1997 kingebaki wazi. Wachezaji wengi waliobeba kombe siku ile hawakuwapo Elland Road, Hillsborough wala Wembley. Kwa mtu wa jukwaani aliyeziona zote, Juninho ndiye aliyekuwa akiunganisha pande mbili za hesabu: aliyelia nao sasa alikuwa akicheka nao, tena ndani ya jezi ileile. Mwenyekiti tu, Gibson, ndiye mwingine aliyeweza kusimama pande zote mbili kwa uzito wa namna hiyo, na mwenyekiti hapigi chenga.

Miezi michache baadaye akaondoka kwa mara ya tatu, kwenda Celtic. Safari hii hakuna aliyelia, wala hapakuwa na mvutano wa kumzuia. Deni lilikuwa limelipwa pande zote.

Baada ya Celtic alizunguka, Brazil na hata Australia, kisha akarudi Ituano, klabu ndogo ya mji wa Itu katika jimbo la São Paulo ambako alianzia. Aliiongoza akiwa mkuu wake na kwa muda alivaa jezi akacheza pia. Mwaka 2014 Ituano wakatwaa ubingwa wa jimbo la São Paulo kwa kuwashinda Santos kwa mikwaju ya penalti.

Nilipoisoma habari ya Ituano nilijiuliza kama haiharibu kisa. Huenda kurudi ni tabia yake tu. Huenda Middlesbrough haikuwa na upekee wowote, bali ilimpata mtu asiyejua kuacha mahali moja kwa moja. Nimejaribu kuwawazia mashabiki wa Riverside wakiambiwa hivyo. Nadhani wangetaka kujua kwanza Ituano wanavaa jezi za rangi gani, na mechi yao ijayo ni lini.